Kaunda suti ya kushonesha Kariakoo: inamfaa mjasiriamali au inampotezea hela?

Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa mwenye biashara anayekutana na wateja uso kwa uso katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, na ambaye bado hajajua avae nini ili atambulike, Kaunda suti ya mikono mifupi iliyoshonwa kwa vipimo vyake inafaa kuliko suti ya tai ya dukani. Ikishonwa vizuri tunaipa alama nane kwa kumi. Ikishonwa ovyo haifiki hata nne, maana vazi hili halina tai wala shati la kufichia makosa. Kola ikipinda, mteja ameshaiona kabla hujamaliza kumsalimia.

Tunachopima hapa si duka moja. Ni huduma nzima kama ilivyozoeleka Kariakoo: unanunua kitambaa mwenyewe kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru na mitaa ya jirani, unakibeba hadi kwa fundi cherehani, unapimwa, unaacha kianzio, unarudi kujaribisha, unarudi tena kuchukua. Kila hatua kati ya hizo ina mahali pake pa kuharibikia, na nyingi huharibika mapema, dukani, kabla fundi hajashika mkasi.

Jina la vazi limetokana na Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991 na kulivaa mpaka likabeba jina lake. Ni koti jepesi lisilohitaji shati ndani, lenye kola iliyo wazi, mifuko miwili au minne, na suruali ya kitambaa hichohicho. Nchini Kenya lilipata uhai mpya mwaka 2023, Rais William Ruto alipokuwa akilivaa mara kwa mara, na Novemba mwaka huohuo Spika Moses Wetang'ula akalipiga marufuku bungeni. Mfanyabiashara aichukue habari hiyo kama taarifa ya kazi: iko milango ambayo bado inadai tai. Kama wiki yako ina milango hiyo mingi, usome sehemu ya mwisho kwanza.

Karatasi kabla ya kitambaa

Wengi hutafuta mtindo wao kwa kununua nguo nyingi wakitumaini mojawapo itawakubali. Njia hiyo ni ghali. Chukua karatasi uandike siku sita za kazi zilizopita: ulikuwa wapi, ulishika nini, ulionana na nani. Mwenye duka la vifaa vya umeme huenda akakuta siku nne yuko kaunta, moja kwa wauzaji wa jumla, nusu siku benki na nusu nyingine kwenye jengo la mteja. Basi vazi lake ni la kaunta. Ile nusu siku ya benki isimnunulie kabati zima.

Karatasi hiyohiyo ndiyo itakayoamua mshono. Anayeshika simu mbili na daftari anahitaji mifuko miwili ya chini yenye upana wa inchi sita na nusu hivi. Anayeinama kwenye shelfu siku nzima aondoe mifuko ya kifuani, kwa sababu kalamu na miwani vitamwagika. Anayepanda bodaboda aombe mpasuo wa nyuma au pande mbili, la sivyo koti litajikunja kiunoni na kubaki na mikunjo hadi jioni.

Na shona moja tu kwanza. Fundi atakwambia ukishona tatu atakupunguzia, na kweli atakupunguzia, lakini utakuwa umenunua kosa moja mara tatu. Vaa ya kwanza wiki mbili, andika panapobana na panapopwaya, ndipo uende kwenye ya pili.

Kitambaa: hapa ndipo pesa inapopotea

Vitambaa vya suti kwa kawaida vina upana wa inchi 58 hadi 60. Kwa mwanaume wa umbo la kati, kifua inchi 38 hadi 42, koti la mikono mifupi linakula mita 1.7 na suruali mita 1.3. Jumla mita 3. Mikono mirefu, ongeza sentimita 30 au 40. Mwenye kifua kinachozidi inchi 46 achukue mita 3.5 asibishane. Ushauri wetu ni kununua mita 4.5 palepale ushonewe suruali mbili, kwa kuwa suruali ndiyo huchoka kwanza, mapajani na makalioni, na koti likabaki mjane. Ukisema utarudi kununua baadaye, utakuta jora jingine, na rangi ya jora moja hailingani sawasawa na ya jingine hata kama namba ni ileile. Dukani chini ya taa hutaona tofauti. Juani utaiona.

Kitenge kina upana mdogo, kama inchi 46, hivyo suti nzima inataka pisi kamili ya yadi 6, yaani karibu mita 5.5, na bado fundi atalalamika akitaka maua ya mfuko yakutane na maua ya koti. Mwache alalamike. Maua yasipokutana suti inaonekana imeshonwa kwa mabaki. Geuza kitenge upande wa nyuma kabla ya kulipa: cha wax rangi yake inaelekeana pande zote mbili, wakati kile cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia, na kwenye kola iliyo wazi mgongo huo unaweza kuchungulia.

Muuzaji atakwambia kila kitambaa ni pamba au sufu. Omba nyuzi mbili tatu kutoka pindoni, toka nje, washa kiberiti. Pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, ikaganda kuwa kitone kigumu cheusi. Ukipata majivu na kitone kwa pamoja, huo ni mchanganyiko. Jaribio la pili ni la ngumi: finyanga kona ya kitambaa kwa sekunde kumi, uachie. Mikunjo ikibaki yote, ndivyo utakavyoonekana saa nne asubuhi.

Poliesta tupu ni rahisi, haijikunji, na inaua kwa joto. Baada ya miezi kadhaa ya pasi itang'aa makalioni na viwikoni kama imepakwa mafuta. Kitani kinapumua vizuri kuliko vyote lakini kinajikunja kabla hujafika kituoni; kinamfaa anayeuza sanaa, samani au nyumba za wageni, hakimfai anayekwenda kudai deni. Gabadini ya pamba ni imara, ila huchuja ikifuliwa kwa maji ya moto. Kwa suti ya kwanza tunapendekeza TR, mchanganyiko wa poliesta na rayoni ambao mara nyingi ni 65 kwa 35. Hautampendeza mtaalamu wa vitambaa, lakini unaanguka vizuri, unavumilia kufuliwa, na fundi yeyote anaujua. Wa Arusha, Mbeya au Nairobi wanaweza kupanda hadi mchanganyiko wa sufu, mikono mirefu, bitana kamili.

Pamba na kitani havikatwi kabla ya kuloweshwa. Loweka saa chache, anika kivulini, piga pasi, ndipo ukipeleke. Kitambaa cha pamba kinaweza kurudi asilimia 5, na kwenye koti la urefu wa inchi 30 hiyo ni inchi moja na nusu. Ndiyo maana utamwona mtu suti yake ilimkaa siku ya harusi na baada ya kufuliwa mara mbili koti linaning'inia juu ya mkanda. Lawama zote humwendea fundi, naye alikata alichopewa.

Kwa fundi

Mafundi wazuri hupima mara mbili na kuandika mara moja. Nenda umevaa viatu utakavyovaa kazini, na simu iwe mfukoni mwa suruali. Usijibane tumbo, suti itavaliwa na tumbo lako la kweli.

Kifua kikishapimwa, uliza ameongeza inchi ngapi za nafasi. Inchi nne hadi tano zinatosha kwa Kaunda ya mikono mifupi. Wengine huongeza saba au nane wakisema ni "nafasi ya kupumua", na matokeo yake ni koti la kurithi. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia, usishuke mkononi. Mkono mfupi uishie inchi moja au moja na nusu juu ya mkunjo wa kiwiko, na mdomo wake uuzidi mzunguko wa mkono wako kwa inchi mbili tu, maana mikono inayopepea kama kengele ndiyo inayolifanya vazi hili lionekane la miaka ya sabini. Urefu wa koti ufunike makalio na kuishia usawa wa kifundo cha kidole gumba mkono ukiwa umening'inia.

Jambo ambalo karibu hakuna mteja analouliza ni akiba ya kitambaa ndani ya mishono. Mwambie aache inchi moja nyuma ya suruali na inchi mbili kwenye pindo. Miili ya wafanyabiashara haitulii, hasa biashara ikikaa sawa, na suti isiyo na akiba haiongezeki.

Bitana kamili kwa pwani ni mateso. Weka nusu, mabegani na mgongoni juu, au usiweke kabisa. Lakini ukiiondoa, mishono ya ndani itaonekana ukivua koti, kwa hiyo ifungwe kwa utepe au angalau ipigwe ovaloki safi. Fundi atadai nyongeza kwa utepe. Ni nyongeza ya haki.

Sasa kola, ambayo ni nusu ya suti. Ndani yake hubandikwa kitambaa kigumu chenye gundi kwa kutumia pasi. Gundi hiyo inataka vitu vitatu kwa pamoja: moto, uzito na muda. Fundi mwenye haraka hutelezesha pasi kama anayenyoosha shuka, gundi ikashika madoa madoa, na baada ya kufua mara ya pili au ya tatu kola inatoa mapovu. Hayatoki tena. Pasi inatakiwa ikandamizwe mahali pamoja sekunde kumi hadi kumi na tano, iinuliwe, isogezwe, ikandamizwe tena. Pia kigumu cha bei poa kinaweza kurudi tofauti na kitambaa cha juu, na hapo hata pasi nzuri haiokoi kitu. Dawa yake ni ndogo: mwombe abandike kipande cha inchi nne kwa nne cha kitambaa chako, nenda nacho nyumbani, kifue kwa sabuni, kikaushe. Kikibaki laini na tambarare, aendelee. Fundi akikataa jaribio hilo, tungetafuta mwingine.

Siku ya kujaribisha

Suti ijaribishwe kabla ya matundu ya vifungo, kabla ya mapindo, na kabla ya bitana kufungwa. Mafundi wengi watakuita vazi likiwa limekwisha, na hapo "kujaribisha" ni neno la adabu tu. Patana siku hiyo wakati wa kutoa kianzio.

Ukilivaa, fungia koti kwa pini. Mikunjo ikichora herufi X kuanzia kifungo cha katikati, tumbo linabana; aachie mishono ya pembeni. Ukiona kunjo la mlalo chini ya shingo kwa nyuma, mabega yako yameinuka kuliko alivyokata, na kola lazima ifunguliwe ishushwe, kazi asiyoipenda lakini inayowezekana hatua hii tu. Kola ikiacha mwanya shingoni ukisimama wima, usikubali kuambiwa itakaa yenyewe ikifuliwa. Haitakaa. Kisha keti, nyosha mikono mbele kana kwamba unapokea mzigo, weka simu sikioni. Koti zima likipanda pamoja na mkono, kwapa limekatwa chini mno. Mkato wa kwapa hauponyeki kirahisi, kwa sababu kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi, na hili ndilo kosa pekee linaloweza kukufanya udai kitambaa kipya.

Mifuko pimeni kwa futi kamba kutoka pindoni, wa kushoto na wa kulia. Tofauti ya robo inchi haionekani mezani, inaonekana kwenye picha. Matundu ya vifungo yashonwe ndipo yakatwe. Yakikatwa kwanza hufumuka nyuzi ndani ya mwezi. Omba vifungo viwili vya akiba vishonwe ndani ya koti.

Rangi, na maneno ambayo rangi husema

Hapa mjini nguo husema kabla ya mvaaji. Kaki yenye mifuko minne na vipande vya mabegani huitwa gwanda, na gwanda Tanzania lina historia ya Chadema. Kijani na njano ni za CCM. Mwenye duka anayeuzia watu wote aziache zote hizo kwa vazi la kila siku. Nyeusi ya mkono mfupi inamfanya mtu aonekane mlinzi wa kiongozi au dereva wake, hasa akiwa na miwani ya jua. Vipande vya mabegani tungeviondoa kwa rangi yoyote ile.

Zinazofanya kazi ni bluu iliyoiva, kijivu cha jivu, ugoro, na damu ya mzee kwa anayeithubutu. Chagua mbili, moja iwe ya kila siku na nyingine ya siku za kuonekana, na uzirudie bila aibu. Mteja akishakuona mara tatu na mshono uleule, mara ya nne anakutambua kutoka ng'ambo ya barabara. Kiatu kimoja cha ugoro na mkanda wake vitabeba bluu na kijivu vyote viwili. Nembo ya biashara ikitariziwa, iwe ndogo, juu ya mfuko wa kushoto, kwa uzi unaokaribiana na rangi ya kitambaa. Nembo kubwa mgongoni inageuza vazi kuwa sare.

Hela na siku

Hatutaji bei, kwa sababu Kariakoo bei ni mazungumzo na hubadilika kati ya asubuhi na adhuhuri. Tunachoweza kusema ni mahali pa kubana na mahali pa kuachia. Bana kwenye idadi ya mifuko na urembo. Achia kwenye kitambaa na kola. Kianzio kisizidi nusu ya ufundi, salio litoke ukiwa umevaa suti mwilini mbele ya kioo. Kwenye risiti iandikwe idadi ya mita ulizoacha na siku ya kujaribisha, na ubakie na kipande kidogo cha kitambaa chako, maana vitambaa hubadilishana wenyewe kwenye vibanda vyenye msongamano. Mabaki yote ni mali yako. Yadai, yatakufaa kwa kiraka.

Kuhusu ahadi za fundi hakuna la kumfundisha msomaji wa Kiswahili. "Njoo kesho" ni kalenda nzima. Kinachosaidia ni kukwepa misimu: wiki za kabla ya Idi, Desemba yote, na Januari wanaposhona sare za shule. Nje ya hapo, wiki mbili zinatosha kwa kazi nzuri. Anayeahidi siku mbili anaruka kujaribisha.

Mbadala, na wasioifaa

Mitumba ya Karume au ya Gikomba inaweza kukupa koti la kitambaa ambacho usingemudu kipya. Hesabu ni moja: mabega yakikaa, nunua, yasipokaa, acha hata kama linagawiwa, kwa kuwa kupunguza kiuno na kufupisha mkono ni kazi ya jioni moja, lakini kuhamisha bega ni kulishona upya. Kaunda za kiwandani kutoka ng'ambo zina mshono ulionyooka kuliko wa mafundi wengi, lakini kitambaa chake karibu siku zote ni poliesta, na akiba ndani ya mishono hakuna.

Kwa wanawake vazi hili linafaa kwa mkato tofauti: dati za kifuani (mikunjo inayoshonwa ili koti lifuate umbo), kiuno kilichoshikwa, mifuko ya kifuani iondolewe. Bila dati fundi atakuwa amekupa koti la kaka yako. Wengi watapata mtindo ulio wazi zaidi kwa koti fupi la kitenge lisilo na kola juu ya gauni la rangi moja, linalokula yadi tatu tu na kubadilika kila mara kwa gauni lilelile.

Haimfai fundi gari, mpishi, wala mwenye kushika saruji na unga. Kwao ovaroli safi au aproni yenye jina ndiyo mtindo, na mteja huiamini kuliko suti. Haimfai pia anayeomba zabuni na mikopo mikubwa kila mwezi. Huyo ashone suti ya koti na tai kwa TR ileile, Kaunda iwe ya pili.

Ikishafika nyumbani, ifuliwe kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, ianikwe kivulini, ipigwe pasi upande wa ndani au juu ya kitambaa chenye unyevu. Itundikwe kwenye henga nene; ile ya waya huchoma mabega. Ivae siku moja, ipumzike moja. Na siku ya kuichukua, mwombe fundi akuandikie vipimo vyote pamoja na mabadiliko aliyoyafanya siku ya kujaribisha, kwa sababu kwenye daftari lake hubaki vile vya mwanzo, na suti ya pili hukatwa kwa hivyo.